Lubumbashi: Baridi ya usiku yawagharimu wakulima wa mboga

Katikati ya mwezi Julai, saa kumi na mbili asubuhi, wakulima wa mboga kandokando ya mto Kafubu, jirani na mji wa Lubumbashi, hufika bustanini wakiwa wamevaa makoti. Saa nane mchana, watu haohao hutafuta kivuli. Kati ya saa hizo, joto linaweza kupanda kutoka chini ya nyuzi 10 hadi nyuzi 25 au zaidi.

Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi anga huwa halina mawingu, hivyo ardhi iliyopashwa na jua mchana hupoteza joto lake haraka usiku.

Mbegu ya nyanya huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 20 hadi 30. Udongo ukipoa sana, mbegu hukaa ardhini siku nyingi. Hata mche ukitokeza, mizizi yake hushindwa kufyonza maji na fosforasi ya kutosha. Hudumaa, na majani yake huweza kugeuka rangi ya zambarau. Pale udongo unapokuwa na baridi na unyevu mwingi, kuvu hushambulia shina changa na mche huanguka.

Hasara yake ni ya fedha taslimu. Mkulima aliyepoteza kitalu hulazimika kununua mbegu mara ya pili, na mavuno yake huchelewa kufika sokoni.

Si mboga zote zinazoumia sawa. Kabichi na vitunguu huvumilia baridi. Nyanya, pilipili na lengalenga hupenda joto. Mwenye kupanda hizi mwezi Juni au Julai anaweza kufunika kitalu kwa nyasi kavu, kisha kuziinua mara miche inapotokeza na kuiwekea kichanja cha kuikinga usiku. Kumwagilia asubuhi badala ya jioni pia husaidia, kwa kuwa udongo hauingii usiku ukiwa umelowa.

Kufikia Oktoba hali hugeuka: joto hupita nyuzi 30, na miche inahitaji kivuli. Mwenye mahindi naye huwa na mtihani wake. Akipanda kwa mvua ya kwanza, kisha jua likarudi kwa wiki mbili, miche hukauka kabla mvua haijatulia.