Chumba cha Mavazi katika Kanisa Kuu la Toledo

Mtu aliyepata kuingia katika kanisa kubwa ameona mlango wa kando ambao padre hutokea akiwa amekwisha kuvaa mavazi ya ibada. Chumba kilicho nyuma ya mlango ule huitwa sakristia. Humo huwekwa mavazi, vikombe na vitabu. Leo nataka kuwaeleza habari za sakristia moja iliyo katika mji wa Toledo, nchi ya Hispania, ambayo picha zake zasimulia kazi ya chumba chenyewe.

Chumba hicho ni kirefu, na dari yake imepinda kama pipa lililopasuliwa kati. Katika ukuta wa mwisho, juu ya altare, imewekwa picha ya El Greco, mtu wa kisiwa cha Krete, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1577 akaimaliza mwaka 1579. Urefu wake wapita futi 9. Yesu amesimama katikati, amevaa kanzu nyekundu, ameinua macho mbinguni. Askari na makutano wamemsonga. Mmoja amekwisha kuishika kanzu ili amvue. Mwingine ameinama, atoboa tundu katika msalaba. Basi padre avaapo mavazi yake ya thamani, mbele yake yupo Bwana wake anayevuliwa nguo.

Walakini picha hii ilizua ugomvi. Wakuu wa kanisa walilalamika kwamba vichwa vya makutano viko juu kuliko kichwa cha Yesu, na ya kuwa wale Mariamu watatu walio pembeni hawatajwi na Injili mahali hapo. Waliochaguliwa na mchoraji kupima kazi yake waliikadiria kuwa dukati 900; mwisho hakupata hata nusu ya hizo. Aliahidi kuondoa yaliyolaumiwa, lakini hayakuondolewa, nayo yangaliko hata leo.

Zaidi ya miaka mia baadaye, Luca Giordano wa Napoli, aliyeitwa Hispania na Mfalme Carlos wa Pili, aliipamba dari. Katika kazi ya namna hiyo rangi hupakwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi; chokaa ikikauka hushikana na rangi. Fundi akikawia, kazi imeharibika. Giordano alikuwa mwepesi hata watu wakamwita "Luca fanya hima".

Juu yaonekana kama kwamba dari imefunguka, na mbingu imejaa malaika na nuru. Hiyo ndiyo desturi ya mafundi wa Baroko: kumfanya mtazamaji asahau mpaka wa jengo na picha. Humo Mariamu ampa Mtakatifu Ildefonso, askofu wa Toledo aliyekufa mwaka 667, vazi la kusalia Misa.

Siku hizi wageni huingia chumbani humo kutazama. Aingiaye na aanze na ukuta, amwone anayevuliwa. Kisha ainue macho darini, amwone anayevikwa.