Sufuri katika kipimo cha moyo haimaanishi u mzima

Mtu wa makamo akitoka hospitalini na karatasi iliyoandikwa sufuri, huona amepewa ruhusa ya kurudia nyama choma na sigara zake. Asiharakishe.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa eksirei ya kompyuta. Mtu hulala kwenye mashine, hubana pumzi kwa sekunde chache, na picha za moyo hupigwa bila sindano yoyote. Kompyuta kisha huhesabu kalsiamu iliyojikusanya katika kuta za mishipa inayoulisha moyo damu. Hesabu hiyo huitwa alama za Agatston, kwa jina la daktari Mmarekani Arthur Agatston aliyeieleza pamoja na wenzake mwaka wa 1990. Sufuri ina maana hakuna kalsiamu iliyoonekana. 400 na zaidi ni nyingi mno.

Taabu ni kwamba kalsiamu huja baadaye. Ugonjwa huanza kwa mafuta laini kujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa. Miaka ikipita, mafuta hayo huingiwa na kalsiamu yakawa magumu, mfano wa kovu. Mashine huliona kovu, bali mafuta laini haiyaoni. Na aghalabu ni hayo laini, yenye utando mwembamba, yanayopasuka ghafla, damu ikaganda papo hapo na njia ikazibika. Ndiyo sababu mvutaji sigara wa miaka 38 aweza kupata sufuri naye tayari ni mgonjwa.

Je, alama nyingi zina maana kwamba mshipa umezibika? La. Kipimo hakionyeshi njia ya damu imebanwa kiasi gani. Tena kuna kioja: dawa za statini, ambazo hupunguza hatari ya mshtuko wa moyo, zaweza kuzipandisha alama kwa kuwa huyafanya mafuta hayo kuwa magumu. Anayezimeza asizitupe kwa hofu.

Kipimo humfaa zaidi mtu wa miaka 40 na kuendelea asiye na dalili, ambaye yeye na daktari wake hawajaamua kama aanze dawa za kolesteroli. Kwake sufuri ni habari njema kweli. Lakini anayebanwa kifua akipanda ngazi, maumivu yakimwendea mkononi au tayani, asipoteze pesa zake hapo. Aende hospitali siku hiyo hiyo akapimwe mapigo ya moyo kwa mashine ya umeme, na damu pia, hata kama sufuri ya mwaka jana ingali mfukoni.