Nyama au Mboga: Swali Linaanzia kwa Mlaji

Mjadala wa kula nyama au kuiacha ni mkongwe kuliko tiba ya kisasa. Wafuasi wa Pythagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, walisifika kwa kujiepusha na nyama, hata huko Ulaya wasioila waliitwa kwa jina lake hadi karne ya 19. Wahindu wengi na Wajaini wameishi vizazi kwa vizazi bila kitoweo cha nyama, wakiwamo walioweka makazi yao Dar es Salaam na Zanzibar. Baadhi ya Waadventista Wasabato nao wameiacha kwa kuzingatia mafundisho ya afya ya kanisa lao. Wengine huongozwa na huruma kwa wanyama, au na hofu juu ya mazingira.

Sababu za imani na maadili haziamuliwi katika maabara. Tiba ina swali lake mahususi: mlo huu unampa mwili nini, na unamnyima nini? Jibu lake, kama ushahidi unavyoonesha, hutegemea sana ni nani aliyeketi mbele ya sahani.

Hoja za wanaoiacha

Mwezi Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa nyama zilizosindikwa, kama vile soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Shirika hilo lilieleza kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani hiyo kwa takriban asilimia 18.

Tangazo hilo lilieleweka vibaya na wengi. Kwa kuwa tumbaku nayo imo katika kundi lilelile la kwanza, baadhi ya watu walidhani soseji moja ni sawa na sigara moja. Makundi hayo hupima uthabiti wa ushahidi, wala hayapimi ukubwa wa madhara. Aidha, asilimia 18 ni nyongeza juu ya hatari ambayo mtu tayari anayo, na hatari hiyo kwa mtu mmoja mmoja kwa kawaida ni ndogo.

Ushahidi mwingine unatoka kwa Wasabato wa Marekani na Kanada. Jamii hii inafaa kuchunguzwa kwa sababu wengi wao hawavuti sigara wala kunywa pombe, wawe wanakula nyama au la. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, yakihusu watu zaidi ya 73,000, yalionesha kuwa wasiokula nyama walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 12 katika kipindi cha utafiti.

Afrika Mashariki nayo ilichangia hoja hiyo. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kuwa saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra miongoni mwa watu wa vijijini waliokula nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga kwa wingi. Maandiko yake ya miaka ya 1970 yaliwafanya madaktari wengi duniani kuzitazama upya nyuzinyuzi za chakula, ambazo awali zilihesabiwa kuwa makapi tu.

Upande wa pili wa mizani

Hata hivyo, ushahidi hauelemei upande mmoja. Uchunguzi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa takriban miaka 18. Wasiokula nyama walipata maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 22 pungufu ya wanaoila, lakini kiharusi kiliwapata kwa asilimia 20 zaidi. Kwa hesabu ya kawaida, kati ya watu 1,000 kwa miaka 10, wagonjwa wa moyo walipungua kwa 10, na wa kiharusi wakaongezeka kwa watatu. Mwaka uliofuata, uchunguzi huohuo ulionesha kuwa wale wasiogusa chochote kitokanacho na mnyama, hata maziwa na mayai, walivunjika mifupa zaidi.

Nyama ina virutubisho ambavyo ni vigumu kuvipata kwingine. Vitamini B12 hupatikana kiasili katika vyakula vitokanavyo na wanyama pekee. Ini huhifadhi akiba yake, hivyo mtu mzima anayeacha vyakula hivyo anaweza kukaa miaka kadhaa bila dalili. Akiba ikiisha, huja upungufu wa damu, ganzi ya miguu na mikono, kuyumba wakati wa kutembea na kupoteza kumbukumbu. Uharibifu wa neva ukichelewa kutibiwa huweza kuwa wa kudumu. Mtoto anayenyonyeshwa na mama asiye na vitamini hii huathirika mapema zaidi, kwani hakuzaliwa na akiba ya kutosha.

Madini chuma yamo katika maharage, kunde, ulezi na mboga za majani, lakini mwili hunyonya kwa urahisi zaidi yale yaliyomo katika nyama na samaki.

Funzo kutoka Embu

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walifanya jaribio katika shule 12 za wilaya ya Embu, nchini Kenya. Watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharage. Kundi moja liliongezewa nyama ya kusaga, la pili maziwa, la tatu mafuta ya kupikia ili kulinganisha nishati, na la nne halikupewa chakula shuleni.

Kwa muda wa miaka miwili, waliokula nyama walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kufikiri, walijenga misuli zaidi, na walikuwa wachangamfu zaidi uwanjani. Maziwa yaliwasaidia kurefuka wale waliokuwa wafupi kwa umri wao. Vitamini B12 iliongezeka katika damu ya makundi hayo mawili. Watoto hao hawakuwa walaji mboga kwa kuchagua. Nyama ilikuwa haifiki nyumbani kwao.

Sahani mbili, nchi moja

Hapo ndipo mjadala huu unapogusa maisha ya Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Ule wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Malaria na minyoo vina sehemu yao katika upungufu huo wa damu, lakini mlo wa ugali na mboga kidogo kila siku una sehemu yake pia. Ushauri wa kupunguza nyama, ukimfikia mama wa mtoto wa namna hii, ni ushauri uliokosea mlango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe nyama, samaki au mayai kila siku.

Katika nchi hiyohiyo yuko mtu mzima mwenye shinikizo la juu la damu anayekula nyama choma karibu kila jioni, huku mboga ikiwa kachumbari ya kijiko kimoja. Huyu atafaidika akipunguza. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikipimwa baada ya kupikwa, na iliyosindikwa iliwe kwa nadra sana. Lakini akiiacha nyama na kujaza nafasi yake kwa chipsi, maandazi na soda, atakuwa mlaji mboga kwa jina tu.

Anayechagua, achague kwa maarifa

Mtu mzima anayeamua kuacha nyama anaweza kuishi kwa afya njema akipanga mlo wake. Maharage, choroko, dengu na karanga vikiliwa pamoja na nafaka humpatia protini kamili. Kuloweka kunde na kumwaga maji yake, au kuziotesha, hupunguza vizuizi vya madini chuma. Limao, chungwa au pera pamoja na mlo huongeza unyonyaji wake, ilhali chai inayonywewa na chakula huupunguza. Heri kuinywa saa moja au mbili baadaye. Anayetumia maziwa na mayai hupata B12 humo. Asiyevitumia kabisa hana budi kumeza vidonge vya vitamini hiyo au kula vyakula vilivyoongezewa, na mjamzito wa namna hiyo amweleze mhudumu wake wa afya tangu hudhurio la kwanza kliniki.

Kwa familia isiyomudu nyama, dagaa ni msaada mkubwa. Huliwa mzima na mifupa yake, hivyo hutoa kalisi, protini na B12 kwa pamoja. Dagaa waliosagwa na kuchanganywa katika uji au mboga ya mtoto huweza kuziba pengo ambalo kilo ya nyama ya mwisho wa mwezi haiwezi kuliziba.