Baada ya Mafuriko, Pesa za Kikundi Zianzie Wapi?

Ndugu wanakikundi, maji yakisharudi mtoni na watu wakitoka shuleni walikolala, kuna swali ambalo halikosi kuzuka kwenye mkutano wa kwanza. Nyumba zimejaa matope, vibanda vimelala chini, na kwa mweka hazina kuna pesa kidogo zilizosalia. Tuzifanyie nini? Katika toleo hili tunataka kulizungumzia swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo huamua kama soko la kijiji litafunguka mwezi huu au litakaa mwaka mzima.

Mafuriko si mgeni kwetu. Waliokuwa watu wazima wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 wanakumbuka barabara na madaraja yaliyokatika. Ndugu zetu wa Budalang'i wameona Mto Nzoia ukivunja kingo zake 2003, ukavunja tena 2008. Na mwaka wa 2024, mvua ya masika iliua watu zaidi ya 250 nchini na kuwaacha maelfu bila makao. Basi yafaa tuzungumze kama watu wanaojua kwamba maji yatarudi.

Mara nyingi mtu husimama mkutanoni na kusema, "Bwana mwenyekiti, kila mtu ameumia. Wacha tugawane tu." Maneno hayo yana huruma ndani yake, lakini hebu tupige hesabu. Tuseme kikundi kina wanachama 20 na shilingi 40,000. Mkigawana, kila mmoja anapata 2,000. Atanunua unga, sabuni na kalamu za watoto, na baada ya wiki moja hakuna kitu. Tena unga huo ameununua mbali na kulipa nauli, kwa maana duka la hapa kijijini limefungwa.

Sasa tuseme mmeweka 8,000 kando kwa ajili ya ugonjwa na shida za ghafla, na 32,000 zilizobaki mkawakopesha wafanyabiashara wanne, kila mmoja 8,000. Wakirudisha 1,000 kila wiki, kikundi kinapokea 4,000 kwa wiki. Wiki mbili zikiisha, mtu wa tano anapata zake 8,000. Wiki mbili nyingine, wa sita. Pesa ni zile zile, ila sasa zinazunguka. Na wale ambao hawakupewa kitu siku ya kwanza wanapata chumvi na unga karibu na nyumbani.

Wanne hao ni nani? Hapa ndipo ugomvi huanza. Sisi tunaona watangulie wale ambao biashara yao inahitajiwa na wengine na pesa yake inarudi upesi: mama mboga, mwenye kiosk cha chumvi, sabuni, kiberiti na mafuta ya taa, mwenye mashine ya kusaga. Fundi cherehani anaweza kungoja kidogo, ijapokuwa sare za shule zikikaribia naye atahitajika. Wala mkopo wa kwanza usiende kwenye ukuta. Kibanda cha turubai chenye stoki kinauza. Duka la mawe lisilo na kitu ndani haliuzi. Majina yachaguliwe mbele ya watu wote, si nyumbani kwa mwenyekiti usiku.

Mwenye posho mili tunamwomba asiwe na haraka. Injini ya dizeli iliyofunikwa na maji isiwashwe hata mara moja ati kujaribu. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni ikipanda inakwama na chuma kinachoishika kinapinda. Hapo gharama inakuwa ya injini nzima. Fundi amwage mafuta yote, aondoe maji, akaushe na kuweka mafuta mapya kwanza. Mota ya umeme nayo ikaushwe na kupimwa na fundi kabla ya kuguswa na stima.

Halafu kuna mahindi. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walikufa kwa sumu ya aflatoksini, ambayo huletwa na kuvu kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo haitoki kwa kupika. Kwa hiyo mahindi yaliyolowa maji ya mafuriko yasisagwe wala kuuzwa, hata kama mwenye gunia analia. Yale yaliyopata unyevu wa hewa tu yaanikwe juu ya turubai, si udongoni, kisha yajaribiwe kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, utikise kwa dakika moja, uache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isiposhika, unaweza kuyaweka ghalani.

Kuhusu madeni ya zamani, tunashauri yasimamishwe kwa muda ambao mkutano utakubali, labda miezi mitatu, na iandikwe kitabuni. Kusimamisha si kusamehe. Kikundi kikisamehe wote, waliolipa mapema wataona walikuwa wajinga, na mwaka ujao hakuna atakayelipa. Aliyekopa benki au kwa shirika la mikopo aende kumwona afisa kabla ya siku ya kulipa kufika. Anayejificha hupoteza nafasi ya kuongezewa muda.

Neno moja juu ya misaada. Njaa ikiwa imebisha hodi, chakula cha bure lazima kipokelewe, hatusemi vinginevyo. Lakini maduka yakishapata stoki, lori la mahindi ya bure linaweza kumfunga yule mama mliyemkopesha 8,000. Wakati huo kamati imwombe chifu na wanaoleta misaada wanunue kwa wauzaji wa hapa, au watoe pesa kwa familia kupitia simu. Hili linawezekana: mpango wa serikali wa kuwatumia pesa watu wenye njaa huko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ulianza 2009. Ila barabara ikiwa bado imekatika na maduka hayana kitu, pesa nyingi zitapandisha bei tu. Hapo chakula chenyewe ndicho kije.

Mambo haya yote ni rahisi kuamuliwa wakati wa kiangazi, watu wakiwa wametulia, kuliko siku matope yako mlangoni. Muulizane sasa: kiasi gani cha hazina hakitaguswa? Nani atatangulia? Iandikwe kwenye katiba ya kikundi. Mwenye duka naye akumbuke kwamba daftari la madeni ya wateja ni mali kama sukari iliyo rafuni. Likilowa, pesa zake zimekwenda. Litiwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha usajili na vitabu vya kikundi, vipigwe picha kwa simu, na picha hizo zitumwe kwa mwanachama anayeishi upande wa mlimani.