Reli Iliyoingia Tumboni mwa Mlima

Vijana wa Mikinduri, katika milima ya Nyambene huko Meru, waliniuliza kama reli iliwahi kupanda mlimani. Kwao haikufika; ile ya upande wa Mlima Kenya iliishia Nanyuki mwaka 1930. Nikawaambia iko iliyoingia hadi tumboni mwa mlima, nayo ni ya Kilembe, Uganda, chini ya Rwenzori. Basi nikafunga safari kwenda kuitazama.

Kutoka Kasese njia yapanda ikiufuata mto Nyamwamba. Kwenye mdomo wa handaki nilipewa kofia ngumu na viatu vya mpira. Nikapiga Bismillahi, nikamfuata kiongozi. Ndani mna giza na baridi, na maji yapita juu ya vyuma viwili vyembamba vilivyoshika kutu. Mvita nasi tulikuwa na reli zetu nyembamba, za troli zilizosukumwa na watu kuwapeleka wakubwa maofisini. Hizi za Kilembe zilibeba mawe.

Mawe hayo yalitolewa kwa vigari hadi kinuni, yakasagwa, shaba ikatengwa na kuteremshwa Kasese, ambako reli kubwa ilifika 1956. Kutoka hapo ilikwenda Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, kisha ikashuka Kilindini. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa baba yako alikuwa kuli bandarini miaka ile ya sitini, huenda shaba hii ilipita mikononi mwake, naye hajui imetoka mlima gani.

Bei ya shaba ilianguka, wageni wenye mtaji wakaondoka siku za Idi Amin, vipuri vikakosekana. Kufikia 1982 kazi ilikuwa imesimama. Wachimbaji wakabaki na nyumba bila mshahara.

Watu husikitikia vyuma. Mimi kilichonishughulisha ni malundo ya mchanga uliobaki kinuni, wenye masalio ya madini, yaliyoachwa kando ya mto. Na mto wenyewe si mpole: ulifurika 2013, ukafurika tena Mei 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe, wagonjwa wakahamishwa.

Hatua chache chini ya lundo moja nilimkuta mama akiteka maji. Baada ya salamu nikamuuliza kama hakuna mfereji. Akasema uko, ila siku ile ulikuwa mkavu. Akajitwika dumu lake, akapanda kwenda zake.