Fahamu: Mionzi ya angani hupimwaje?
Kifaa kimoja cha kuipima hushikika kama kalamu nene. Ndani yake mna balbu ndogo ya kioo yenye salfeti ya kalsiamu, inayohifadhi nishati ya mionzi. Ikipashwa moto ndani ya mashine ya kusomea, hung'aa. Kadiri mionzi ilivyokuwa mingi, ndivyo mwanga unavyozidi.

Kifaa hicho ni Pille, kilichobuniwa Hungaria. Mwanaanga Bertalan Farkas alikitumia mwaka 1980 kwenye kituo cha anga cha Salyut 6.

Uzuri mkubwa wa Pille ni kwamba wanaanga hupata jibu hukohuko, na jibu hilo ni zito: katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, takriban kilomita 400 juu yetu, siku moja huleta mionzi ya milisiviti 0.5 au zaidi. Duniani, wastani wa mionzi ya asili ni milisiviti 2.4 kwa mwaka mzima.