Kufuma Kikoti cha Mtoto kwa Kielelezo cha Zamani

Katika makabati ya vyama vyetu vya msingi, chini ya daftari za hisa na stakabadhi za mbata, pengine huonekana kijitabu chembamba kilichochakaa, chenye picha ya mtoto mchanga aliyevaa kikoti cheupe. Ni kielelezo cha kufumia. Vijitabu vya namna hiyo vililetwa nchini na shule za misheni na vilabu vya wanawake vya wakati wa ukoloni, na baada ya kuundwa kwa Umoja wa Wanawake mwaka 1962 madarasa ya kushona na kufuma yaliendelea kuvitumia. Vingi vilichapishwa Uingereza na viwanda vya uzi, ambavyo viliviuza kwa bei ndogo ili uzi wake ununuliwe.

Makatibu kadhaa wa vikundi vya akina mama kisiwani Mafia wameuliza kama vielelezo hivyo vyafaa kwa kazi ya kuuza. Vyafaa, lakini asivishike mtu kama sheria. Vilitungwa kwa ajili ya nchi ya baridi, kwa uzi usiopatikana hapa, na kwa vipimo ambavyo wenyewe waliovitunga wamekwisha kuviacha.

Hebu tuanze na swali ambalo mwanachama yeyote wa Kilindoni ataliuliza: mtoto wa pwani ana haja gani ya kikoti cha kufuma? Mtoto mkubwa mwenye afya, wakati wa kaskazi, hana haja nacho kabisa, na kumvika ni kumtesa. Lakini mtoto mchanga hupoteza joto upesi mno, hasa aliyezaliwa na uzito ulio chini ya gramu 2,500. Joto la mwili wake lapasa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Usiku wa kipupwe upepo wa kusi unapovuma, au mama anapovuka alfajiri kutoka Nyamisati na nguo zimelowa marashi ya bahari, joto hilo hushuka bila mtu kutambua.

Dawa ya kwanza ya mtoto njiti si kikoti. Ni kifua cha mama. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2022, lilipendekeza kwamba mtoto njiti au mwenye uzito mdogo awekwe ngozi kwa ngozi na mama yake mara baada ya kuzaliwa, na akae hivyo kwa saa nyingi kadiri iwezekanavyo. Katika mwongozo wake wa mwaka 2003, Shirika hilo hilo lilieleza mavazi ya mtoto huyo: nepi, kofia na soksi, na joto la chumba likishuka chini ya nyuzi 22, aongezewe kivazi cha pamba kisicho na mikono, kilichofunguka mbele, ili kifua chake kiendelee kugusana na kifua cha mama. Msomaji atazame tena picha ya kile kikoti cha zamani. Kimefunguka mbele. Ukikiondoa mikono na ukabadili sufu kwa pamba, umekaribia sana kivazi kinachotakiwa wodini. Kwa maoni yetu, hapo ndipo soko la kweli lilipo, wala si katika kuiga picha ya kijitabu kwa utepe na maua yake.

Sasa tuingie kazini. Tutataja kwanza mkasa uliotupata wenyewe, maana ndio uliotufunza. Kikundi ambacho mwandishi wa makala hii alikuwa katibu wake kilipokea agizo la vikoti ishirini. Fedha ya uzi ilitolewa katika akiba ya wanachama. Kila mama alichukua uzi wake na nakala ya kielelezo akaenda kufumia nyumbani. Vilipokusanywa, hapakuwa na viwili vilivyolingana. Kimoja kingemtosha mtoto anayetembea, na kingine mikono yake haikupitisha hata vidole vitatu vya mtu mzima. Mnunuzi alipokea tisa, akarudisha kumi na kimoja. Wanachama walidhani kuna wavivu kati yao, na maneno yakawa mengi. Kumbe kielelezo kilisema “sindano namba 10”, na kila mtu alikuwa na namba 10 yake.

Katika hesabu ya zamani ya Uingereza, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Namba 8 ni milimita 4. Namba 10 ni milimita 3¼. Namba 11 ni milimita 3. Namba 12 ni milimita 2¾. Marekani huhesabu kinyume: namba 3 yao ndiyo milimita 3¼, na namba 10 yao ni milimita 6, yaani karibu mara mbili ya unene uliokusudiwa. Akina mama wengine walitumia spoku za baiskeli zilizonolewa, kama ilivyo desturi katika sehemu nyingi za nchi yetu. Spoku ya kawaida ina milimita 2 hivi, sawa na namba 14 ya Kiingereza. Basi nguo tatu zilifumwa kwa maneno yale yale, nazo zikatoka tatu tofauti.

Katibu asiyekuwa na kipimio cha sindano azilaze sindano nne zilizo sawa juu ya rula, ubavu kwa ubavu. Zikichukua milimita 13, ni za 3¼. Zikichukua 16, ni za 4. Zikichukua 8, ni spoku.

Hata sindano zikilingana, mikono hailingani. Yupo akazaye uzi na yupo aulegezaye, na hakuna aliyekosea. Kielelezo kitasema, kwa mfano, mishono 7 kwa inchi moja. Inchi moja ni sentimeta 2.54, kwa hiyo ni mishono 28 hivi kwa sentimeta 10. Kikoti chenye mishono 140 kuzunguka kifua kitakuwa na inchi 20. Mfumaji anayelegeza, akapata mishono 6 kwa inchi, atatoa kikoti cha zaidi ya inchi 23 kwa mishono ile ile. Anayekaza akapata 8 atatoa cha inchi 17½, ambacho hakitafunga juu ya kifua cha inchi 18 kilichokusudiwa. Tofauti ya mshono mmoja haionekani kwa jicho, lakini imekwisha kuharibu nguo nzima.

Kwa sababu hiyo kila mfumaji hana budi kufuma kwanza kipande cha kujaribia, chenye upana wa mishono 36 na mistari kama arobaini, akioshe, akikaushe, kisha ahesabu mishono iliyomo katika sentimeta 10 za katikati. Ikizidi 28, achukue sindano nene kidogo. Ikipungua, achukue nyembamba. Asijilazimishe kubadili mkono wake, kwa maana baada ya mistari kumi mkono utarudi katika tabia yake. Wapo watakaolalamika kwamba ni kupoteza uzi. Wasukaji wa mikeka ya ukindu hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wao wanajua kwamba idadi ya chane ndiyo inayoamua upana wa ukili, na kwamba anayeanza bila kuhesabu atafumua. Mama anayeweza kukumbuka ruwaza ya mkeka wa rangi tatu bila kuiandika popote hatashindwa na kikoti.

Maneno ya kielelezo ni mafupi na yameandikwa kwa Kiingereza, lakini si mengi. Herufi K ni mshono wa mbele, na P ni mshono wa nyuma. Namba inayofuata ni idadi. “K2 tog” ni kuunganisha mishono miwili kuwa mmoja, yaani kupunguza. Alama ya nyota ni mahali pa kurudia. Katibu ayaandike haya kwa Kiswahili kwenye karatasi moja kubwa, aibandike ukutani, na yatosha.

Jambo zito zaidi ni ukubwa. Vielelezo vingi vya zamani huanzia kifua cha inchi 18, ambazo ni karibu sentimeta 46. Kifua cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili ni sentimeta 32 au 33, yaani inchi 13. Kwa hiyo kikoti cha “mtoto mchanga” kijitabuni ni cha mtoto wa miezi sita hivi. Kwa mchanga wa kweli tuongeze inchi 3 za kupwaya, tupate 16. Mara 7, ni mishono 112. Nyuma ichukue nusu, yaani 56, na kila upande wa mbele 28. Kila upande wa mbele uongezewe mishono 5 ya kupishana, ifike 33. Jumla ya kuanzishia, ikiwa kikoti kinafumwa kipande kimoja hadi kwapani, ni mishono 122. Kwa njiti hesabu ni hiyo hiyo, ila kipimo kichukuliwe kwa mtoto mwenyewe au kwa maelekezo ya mkunga.

Yako mambo matatu ya kijitabu ambayo tunashauri yaachwe kabisa. Utepe wa kufunga shingoni, kwa kuwa waweza kumkaba mtoto. Matundu makubwa ya urembo, kwa kuwa kidole chembamba hunaswa ndani yake. Na vifungo vidogo vya mviringo, ambavyo vikilegea huishia kinywani. Vishikizo viwili vya uzi vilivyoshonwa ubavuni, vifupi, vyatosha.

Kuhusu uzi, sufu ina sifa ya kuvutika na kurudi, na hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Lakini maji ya moto na kusugua huigandisha ikawa kama kipande cha zulia, na nguo za wodini hufuliwa kwa nguvu. Pamba huvumilia maji ya moto na haiwashi ngozi. Kasoro yake ni uzito: haiwezi kufuatwa kwa wakia zilizoandikwa kijitabuni, kwa sababu kwa uzito ule ule pamba huwa fupi kuliko sufu ya unene huo. Wakia moja ni gramu 28 na ushei, na kielelezo kikisema wakia 4 mnunuzi wa haraka ataandika gramu 113 na kuishiwa uzi kwenye bega. Atazame urefu wa mita ulioandikwa kwenye karatasi ya kidonge.

Uzi wa agizo zima ununuliwe mara moja. Tuseme kikundi cha watu 12 kina vikoti 60 vya kufuma, na kikoti cha majaribio kimetumia gramu 120. Hizo ni gramu 7,200, yaani vidonge 144 vya gramu 50. Vipande vya kujaribia, kimoja kwa kila mfumaji kwa gramu 10, vyataka vidonge 3 zaidi. Chukueni 150. Kila karatasi ya kidonge ina namba ya pipa la rangi. Zote zilingane, hata kwa uzi mweupe. Anayerudi Kariakoo mwezi wa pili kutafuta vidonge vinne vilivyopungua atapata weupe mwingine, na nauli ya boti itakuwa imekula faida ya vikoti kadhaa.

Mwisho ni daftari, na hapa makatibu watusikilize zaidi. Uzi utoke kwa mizani na urudi kwa mizani. Andikeni jina, gramu zilizotoka, tarehe, gramu za kikoti kilichorudi, na gramu za mabaki. Tumieni mizani ile ile siku zote. Lakini asishtakiwe mtu kwa gramu chache: pamba na sufu hunyonya unyevu wa hewa, na uzi uliopimwa siku kavu utaongezeka uzito wakati wa masika bila mkono wa mtu. Ikizidi gramu kumi, hapo ulizeni kwa upole. Safu ya saa za kazi nayo iwepo. Vikundi vingi hupanga bei kwa kuhesabu uzi na nauli tu, kisha hushangaa kwa nini wafumaji wanakimbilia kusuka mikeka.

Vile vikoti kumi na kimoja tulivifumua. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Tuliukunja mafundo marefu, tukauosha, tukautundika ukiwa na kijiwe chini hadi uliponyooka. Vikoti vya mara ya pili tulivikausha vikiwa vimelazwa kivulini juu ya mkeka, si kwenye kamba, ambako pamba iliyolowa huvutwa na uzito wake. Kila kimoja kililazwa juu ya karatasi moja iliyochorwa kipimo, na mama yeyote aliyepita uani aliweza kuona kipi kimezidi mstari.